Waya wa Nyumba ya Pruitt

Goti la kushoto la Duane Kubicek lilikuwa limekwisha, na mtu pekee aliyejua hivyo, ukimtoa yeye mwenyewe, ni Marcy Oltmans, aliyemshikia ngazi kwa misimu mitatu. Mtu anayekushikia ngazi humfichi kitu. Duane alipanda kama mtoto anayejifunza kupanda vidato: mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unaburutwa mpaka uufikie, kisha wa kulia tena. Marcy aliyaona yote hayo kutoka chini na hakumwambia mtu. Alichofanya ni kunyamaza kila Duane alipokuwa juu ya ngazi, na Marcy hakuwa mtu wa kunyamaza.

Ilikuwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Tangu katikati ya Oktoba walikuwa wametundika taa za Krismasi kwenye nyumba sabini na kitu upande wa magharibi wa Omaha, ambako watu wana mapaa marefu na hawana muda. Walipumzika siku moja tu, Alhamisi ile ya kula bata mzinga, na hata hiyo Duane aliimaliza kwa kulala. Dada yake alimwamsha saa kumi jioni akampa sahani. Alikula huku macho yakimfumba, akarudi kwenye kochi. Zamani kila mwanamume wa mtaa alipanda paa lake mwenyewe, akaitukana baridi, akaanguka au asianguke. Siku hizi wanapiga simu. Duane hakuwa na ugomvi nao. Bila wao fundi wa paa anakaa kuanzia Novemba hadi Machi akitazama ukuta.

Lakini mwaka huu alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa ametundika taa za buluu kwenye nyumba ya mtu aliyetaka nyeupe. Wiki moja baadaye goti lilimsaliti juu ya paa la daktari wa meno, akajizuia kwa kuung'ang'ania mfereji wa maji ya mvua, na mfereji ukapinda kama kijiko cha bati. Renee Tibbets, mwenye kampuni, alimwita ofisini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Duane zaidi. Alimwambia hana hamu ya kwenda kumtazama hospitali akiwa na mirija puani. Kosa moja zaidi, alisema, na hatapanda tena paa la mteja wake. Atakwenda stoo.

Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya maegesho ya magari ya kazi. Humo mlikuwa na meza ndefu, hita ya umeme, na Gene. Enzi zake Gene alikuwa fundi wa paa hodari kuliko wote. Sasa alikaa mezani akijaribu globu mojamoja, nzuri huku, mbovu kule, na mafundi walipoingia kuchukua makasha yao walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni rafu. Duane mwenyewe alizungumza hivyo. Alikuwa ameacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akapanda paa la kwanza wiki iliyofuata, na kila alichokijua alikijulia huko juu. Sasa alikuwa na hamsini na tatu.

Kwa hiyo alijikaza. Asubuhi alimeza vidonge vitatu vya maumivu kwa kahawa ya kituo cha mafuta, akalifunga goti kwa bandeji chini ya suruali, na akahesabu siku. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku mbili za kutundika. Akizivuka bila kosa, angefika Januari, wakati wa kuteremsha taa, na kuteremsha si kazi ya kumtoa mtu jasho. Baada ya hapo angeona.

Nyumba ya mwisho siku hiyo ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Pruitt, nambari 1418, mtaa wa 168; miaka ya nyuma aliitundika fundi mwenzao, Trevino. Taa zake zilitakiwa ziwe zinawaka saa kumi na moja na nusu jioni. Jamaa zake walikuwa wanakuja kutoka Lincoln, watu kumi na wanane, na wote walitaka kupigwa picha mbele ya nyumba. Renee alikuwa ameiandika saa hiyo kwenye karatasi ya kazi kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari mara mbili.

Walikuta barabara ya kuingilia imefungwa. Bomba la maji lilikuwa limepasuka, na watu wa jiji walikuwa ndani ya shimo wakitoa mvuke midomoni kama farasi. Marcy aligeuza gari, simu yake ikaanza kutoa maelekezo ya kuzunguka, na Duane akamwambia aizime. Hakuhitaji simu mahali hapa. Mwaka 2003 aliziezeka nyumba hizi kwa mikono yake, kiangazi kizima, safu kwa safu. Alimwonyesha pa kuingilia, wakapita kona ambayo kibao chake cha jina la mtaa kilikuwa kimepakwa theluji na upepo wa usiku, na baada ya nyumba kumi hivi, hiyo hapo kwenye matofali: 1418.

Marcy aliangalia simu, akaangalia nyumba. "Mzee, hii simu inasema tumo uani kwa mtu."

"Hiyo simu yako ilitupeleka mtoni Jumanne."

"Ilikuwa Jumatano. Na mto ulikuwa mzuri."

Duane alishateremka. Hapakuwa na gari mbele ya nyumba, na alipobonyeza kengele hakuna aliyetoka, jambo ambalo halikumshangaza. Wenye nyumba kwa kawaida hawapo. Ndiyo sababu wanalipa watu: warudi jioni wakute kazi imekwisha, kama vile imejifanya. Alilitoa kasha lililoandikwa PRUITT, akatafuta mwanzo wa waya.

Kazi hii ina desturi yake. Taa si mali ya mteja, ni za kampuni, na kila waya hukatwa kwa kipimo cha nyumba moja, kona kwa kona. Mwaka unaofuata unatolewa kwenye kasha lake na kurudi kwenye paa lilelile. Kwa hiyo kabla ya kupanda, fundi anautandaza chini kwenye majani, sambamba na ukingo wa paa. Ukiishia sawasawa kwenye kona ya mwisho, hiyo ndiyo nyumba yenyewe. Ukipungua au ukizidi, umepotea. "Waya unaijua nyumba yake," Duane alipenda kuwaambia wageni wa kazi, na kwa miaka tisa haukuwahi kumwangusha.

Aliutandaza. Ulifika kona ya mwisho bila kupungua hata kidole.

Marcy alisoma karatasi. Ilisema pia miti miwili midogo mbele ya nyumba izungushiwe taa, na hapo palikuwa na mti mmoja na kisiki. Alikionyesha kile kisiki kwa ncha ya kiatu. Duane akasema mama huyo atakuwa ameukata. Watu hukata miti. Marcy akainua mabega, akaenda kushika ngazi.

Walifanya kazi saa mbili na nusu. Upepo ulitoka nyikani bila kuzuiwa na chochote, ukaingia kwenye mikono ya makoti yao na kutokea shingoni. Unabana kibanio kwenye mfereji, unachomeka globu, unasogea kiganja kimoja, unabana kingine. Glavu nene haziwezi vibanio, na glavu nyembamba haziwezi baridi, basi fundi huchagua ateseke vipi. Duane alikuwa akivaa nyembamba. Kila walipohamisha ngazi, Marcy alipata nafasi ya kuongea, akaendelea na hadithi ya mbwa ambaye yeye na mtalaka wake walikuwa wakimgawana wiki kwa wiki, na jinsi mbwa huyo alivyokuwa akirudi mnene kuliko alivyokwenda. Duane alipanda mara kumi na moja. Baada ya mara ya tisa hakuwa akisikia tena habari za mbwa. Alikuwa akiyasikiliza maumivu, ambayo sasa yalikuwa yametoka gotini yakashika paja.

Ilikuwa imekaribia saa tisa alipobana kibanio cha mwisho, juu ya mlango wa banda la gari. Hapo ndipo gari dogo la kijivu lilipoingia uani na kusimama nyuma ya lao. Mzee mmoja alishuka akiwa na mfuko wa vyakula kifuani. Alisimama akautazama ukingo wa paa kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayesoma barua ya serikali.

"Nani kawaita?" aliuliza.

Duane alimsalimu kutoka juu ya ngazi, akauliza kama yeye ndiye Bwana Pruitt.

"Pruitt ni yule mama wa nyuma, mwenye mbwa anayebweka kama anadai kodi. Mimi naitwa Orval Dietz. Hii nyumba ni yangu tangu ijengwe. Nauliza tena, nani kawaita? Ni Lorna, sivyo?"

Lorna, ilionekana, ni binti yake. Miaka miwili nyuma Orval alianguka akitundika taa zake mwenyewe, akavunja nyonga, na kabla hajatoka hospitali Lorna alikuwa ameshaichukua ngazi ya baba yake akaifunga juu ya gari na kwenda nayo kwake, mfano wa polisi aliyekamata bunduki. Tangu hapo amekuwa akimsihi aajiri watu. Orval alikuwa ameapa kwamba paa lake litakaa giza mpaka mwisho wa dunia kuliko alipie wageni wamfanyie kazi ya mwanamume.

Duane hakumsikia vizuri. Alikuwa akikitazama kile kisiki. Kisha aligeuza shingo, na kati ya kona ya nyumba na uzio aliona mgongo wa nyumba nyingine iliyopakana na hii, uani kwa uani. Bomba la moshi lilikuwa mahali palepale. Mteremko wa paa ulikuwa uleule. Mjenzi wa mtaa huu alikuwa na michoro mitatu tu, akairudiarudia kama mtu mwenye wimbo mmoja, na nambari zilikwenda sambamba mtaa kwa mtaa. Duane alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ni yeye aliyepigilia vigae vya nyumba zote mbili. Waya ulikuwa umesema kweli. Ulikuwa na nyumba mbili.

Simu ya Marcy ikalia, na alipoona jina aliondoka hatua chache. Alikuwa Renee. Mama Pruitt alikuwa dukani akinunua vinywaji, na kwa kuwa watu wa siku hizi hawatulii, alikuwa akiitazama nyumba yake kwa kamera ya mlangoni. Hakuona mtu, hakuona ngazi, aliona kindi. Sasa alitaka kujua mafundi wako wapi tangu saa sita.

Marcy alimtazama Duane, ambaye bado alikuwa amening'inia juu ya mlango wa banda. "Pancha, bosi," alisema kwenye simu. "Tumeshabadilisha. Tuko hapo kona tu."

Alikata, akaja chini ya ngazi, akaongea haraka na kwa sauti ndogo ili mzee asisikie. Walikuwa na saa mbili na nusu. Watavua, watahamisha, watatundika upya. Wakikimbia watawahi. Na ikijulikana, basi Duane aseme ni yeye Marcy aliyesoma anwani vibaya.

"Mimi sina kosa hata moja kwake," alisema. "Wewe ulibakiwa na moja, na ndilo hili umekaa juu yake."

Duane alijua anachotakiwa kujibu. Lakini aliona ile meza ndefu, ile hita, Gene akiinamia globu. Akageukia paa na kuanza kuchomoa globu kwenye vibanio, na hilo likawa jibu lake. Marcy alilipokea bila kinyongo, akashika ngazi.

Mzee Orval alipoelezwa kwamba ni makosa na taa zinaondolewa, alitegemewa aingie ndani. Hakuingia. Aliuweka mfuko wake juu ya boneti, akatia mikono mifukoni, na kutazama. Baada ya muda alianza kutoa maoni. Alisema vibanio wameviweka karibu mno. Alisema yeye alitumia vya chuma. Halafu, ngazi ilipohamishwa mara ya pili na Duane akawa anapanda, alisema kitu ambacho hakuna aliyemwuliza.

"Unapanda kama mimi."

Duane alikuwa kidato cha saba au cha nane. Aliinua mguu wa kulia, na mwili wote ukabaki juu ya ule wa kushoto kwa muda wa kupepesa jicho, kama ilivyokuwa mara elfu siku hiyo. Goti likakunjika. Halikuuma hata. Lilikunjika tu kama kiti cha bustani, na Duane akateleza vidato viwili kabla mikono yake haijaikumbatia ngazi. Uso wake ukajigonga kwenye bati baridi la ngazi. Buti lake lilitua juu ya kitu laini, na ilimchukua muda kuelewa kwamba lile lilikuwa bega la Marcy.

Marcy alibaki chini yake akihema, mikono yote miwili ikiwa kwenye ngazi, shingo imepinda upande. Mzee Orval alikuja kwa mwendo wake wa kuchechemea, akashika mguu wa pili wa ngazi kwa nguvu ambayo mtu asingeitegemea. Wakamteremsha Duane kidato kwa kidato, wakimwelekeza pa kuweka mguu kama kipofu. Alikaa kwenye mkia wa gari. Marcy alilisugua bega lake, akasema ni zima, akapanda yeye mwenyewe kwenda kumalizia kuvua.

Mzee Orval alikaa kando ya Duane. Alikaa kwa hatua tatu, kama wanavyokaa watu wa nyonga.

"La kushoto?"

"La kushoto."

"Tangu lini?"

"Machi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Alisema yeye nyonga ilimwonya miaka minne kabla ya kuanguka. Kila mwaka alisema mwaka mmoja tu. Siku aliyoanguka alikuwa peke yake, akalala pale kwenye majani, karibu na kile kisiki, dakika arobaini, akimtazama mwanamke wa ng'ambo ya barabara akifagia baraza lake bila kugeuka. Alisimulia hayo bila kutaka kuonewa huruma, kama anayesimulia hali ya hewa.

Kisha alionyesha kwa kidevu kuelekea ngazini, alipokuwa Marcy, kofia imemshuka machoni, kamasi zikimtoka kwa baridi, akikunja waya begani kwa mikono iliyopasuka.

"Mimi nilianguka juu ya majani," alisema. "Wewe ungemwangukia huyo."

Duane aliendelea kukaa. Alitafuta ndani yake hasira, maana hasira humsaidia mtu kusimama. Hakuipata. Alichopata ni uchovu, mwingi, uliorundikana tangu Machi, na chini yake ile picha ya shingo ya Marcy ikiwa imepinda chini ya buti lake. Na bado Marcy alikuwa tayari kubeba na lile kosa. Atabeba mangapi?

Alimwomba Marcy simu. Marcy alimtazama kutoka juu, akaelewa, akasema asiwe mjinga. Duane alinyoosha mkono tu mpaka simu ikarushwa.

Renee alipokea kwa kuuliza kama wamefika.

"Hapakuwa na pancha," Duane alisema. "Nimetundika taa za Pruitt kwenye nyumba ya watu, mtaa wa 169. Ni mimi. Marcy aliniambia nikamdharau. Na goti langu limekwisha, Renee. Muda mrefu. Sasa hivi nusura nimvunje Marcy shingo."

Renee alitukana, polepole na kwa mpangilio, si yeye hasa bali siku nzima. Alipomaliza aliuliza kama Marcy ameumia, na Duane, na mwenye nyumba. Alisema atamtuma Trevino na watu wake, wako karibu, watafika nusu saa.

"Na wewe shuka," alisema.

"Nimeshuka."

"Ukigusa ngazi leo kwa mguu, hata stoo hutafika. Jumatatu saa moja asubuhi. Njoo na kahawa yako, ile ya pale ni mbaya."

Duane aliirudisha simu, na alishangaa kwamba hakujisikia vibaya kama alivyotegemea. Alijisikia kama mtu aliyetua gunia ambalo alikuwa hajui tena kuwa amelibeba. Mgongo ulimuuma zaidi kuliko kabla.

Ni mzee Orval aliyesema hakuna haja ya kuzunguka na gari. Kulikuwa na lango dogo kwenye uzio kati ya uwanja wake na wa Pruitt, ambalo watoto wa zamani walilitumia. Alikwenda akalipiga teke mpaka theluji ikaachia. Wakauvusha waya huko, Duane akiwa upande huu akilisha, mzee akiwa upande wa pili akivuta, globu zikipita mikononi mwao moja baada ya nyingine, huku mbwa wa Pruitt akibweka ndani ya nyumba kama alivyosifiwa. Mzee alimkemea kwa jina. Mbwa hakujali.

Trevino alifika na vijana wake watatu, akamtazama Duane mara moja, akatazama goti, akaenda kuteremsha ngazi garini. Walitundika kwa kasi ya watu walioambiwa kuna picha ya kupigwa. Marcy alipanda upande wa kaskazini, ulio mgumu zaidi. Duane alimshikia ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza katika misimu mitatu, na aligundua kwamba kutoka chini unaona yote: kisigino kinachotafuta kidato, mkono unaositasita, pumzi. Aligundua pia kwamba hawezi kuongea. Marcy naye, kwa kuwa sasa alikuwa juu, aliongea mfululizo. Alimalizia hadithi ya mbwa. Ilionekana mtalaka wake alikuwa akimpa siagi.

Saa kumi na moja na dakika ishirini mtaa ulikuwa umeingia giza, na nyumba moja baada ya nyingine zikaanza kuwaka zenyewe. Trevino aliiwasha ya Pruitt. Mstari mweupe ulikimbia kwenye ukingo wa paa, umenyooka, bila globu hata moja iliyokufa, na ile miti miwili ikasimama mbele. Mama Pruitt aliingia uani dakika tano baadaye na magari matatu ya jamaa zake nyuma. Alishuka, akatazama juu kwa sekunde chache. Kisha akawaomba wasogeze gari lao la kazi, maana linaharibu picha.

Trevino alikwenda kulisogeza. Duane alipita lango dogo kurudi kwa mzee kuchukua ngazi iliyobaki. Nyumba ya Orval ilikuwa nyeusi tii katikati ya mtaa uliowaka. Ila ukitazama vizuri uliona vibanio, safu nzima, vimebaki kwenye mfereji kwa sababu hapakuwa na muda wa kuvitoa. Duane alimwambia kuna mtu atakuja wiki ijayo kuviondoa.

"Viache," mzee alisema. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha baraza akila mkate wa nyama na kabichi kutoka kwenye ule mfuko. Akamkatia Duane nusu. Ulikuwa umepoa. "Zangu ninazo humo bandani. Makasha manne. Nyie mnatundika taa za mtu mwenyewe?"

Duane alimwambia kampuni haifanyi hivyo. Ni za kampuni tu.

"Na wewe? Siku yako ya mapumziko?"

Duane alitafuna, akameza. "Mimi sipandi tena."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka, yakakaa pale hewani kwenye mvuke wa mdomo wake. Mzee hakumpa pole wala hakumpongeza. Alikunja karatasi ya mkate, akaitia mfukoni, akasema Lorna ana mume mwenye miguu miwili mizima na hana kazi nayo. Labda atampigia. Labda. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Jumatatu saa moja kasorobo Duane aliingia stoo na kahawa yake mkononi. Gene alikuwa keshafika. Alikisukuma kiti cha pili kwa mguu karibu na hita, akamsogezea boksi la globu na kile kifaa cha kupimia, akaendelea na kazi. Mafundi waliingia, wakachukua makasha, wakazungumza juu ya vichwa vyao, wakatoka. Marcy aliingia na fundi mpya, akalipiga bega la Duane kidogo akipita, akamwambia mgeni yule kwamba waya unaijua nyumba yake lakini asiuamini. Mlango ukafungwa. Hita ikaguna.

Duane alikuwa amefanya kazi na Gene miaka mitatu juu ya mapaa. Akakumbuka kwamba siku Gene aliposhushwa, hakuna aliyeuliza kitu. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupanda ngazi iliyoachwa.

"Wewe ilikuwa nini?" alimuuliza.

Gene hakuinua kichwa. "Bega."

"La kulia?"

"La kulia." Aliitupa globu kwenye sanduku la mbovu, akachukua nyingine. "Mwaka wa sita huu niko humu. Ndiyo kwanza naulizwa."

Duane alichukua globu kutoka kwenye boksi, akaichomeka. Ikawaka. Akaiweka huku, akachukua nyingine.